Mafua Yanapomlemea Mama Mjamzito

Leo tunazungumza na mama mjamzito, mume wake, na nyanya aliye pale nyumbani.

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapobana kule milimani Mbooni na Kilungu, watu wengi hukohoa. Mama mjamzito naye hushikwa. Wengi husema, "Ni mafua tu, yataisha." Mara nyingi huisha kweli. Lakini yakizidi, huhatarisha maisha ya watu wawili.

Je, kwa nini mjamzito huzidiwa upesi? Mimba inapokua, tumbo la uzazi husukuma juu na kupunguza nafasi ya mapafu. Moyo hufanya kazi ya ziada, na mwili huhitaji oksijeni zaidi. Virusi vikishuka kifuani, mama hana akiba ya pumzi.

Hayo yalionekana mwaka wa 2009, ile homa iliyoitwa ya nguruwe ilipozunguka dunia na kufika Kenya. Huko Marekani, wajawazito walikuwa kama 1 kati ya kila watu 100. Lakini kati ya kila watu 100 waliouawa na homa hiyo, 5 walikuwa wajawazito.

Korona ilipoingia mwaka wa 2020, wataalamu wa nchi hiyohiyo walifuatilia wajawazito zaidi ya 1,200 walioambukizwa, katika hospitali 33. Waligundua kwamba ukali wa ugonjwa ndio uliokuwa na uzito. Kati ya kila mama 100 waliougua vibaya, kama 42 walijifungua kabla ya wakati. Kati ya wale ambao hawakuwa na dalili yoyote, walikuwa kama 12. Waliougua vibaya pia walipata zaidi shinikizo la damu la mimba, na wengi walizalishwa kwa upasuaji. Walioumwa kidogo hawakuonyesha hatari zaidi ya wale wasio na dalili.

Na mtoto je? Ni wachache sana waliopatikana na virusi, kama 1 kati ya kila watoto 100 waliopimwa. Kwa hivyo, hatari kubwa kwa mtoto hutokana na hali ya mama. Oksijeni ikipungua katika damu ya mama, hupungua pia kwa mtoto tumboni. Akizaliwa mapema, mapafu yake hayajakomaa, hushikwa na baridi haraka, na huenda asiweze kunyonya.

Basi, mama, ufanye nini? Ukishikwa na homa na kikohozi, pumzika, kunywa maji mengi, na ukae mbali na moshi wa kuni. Usinunue dawa dukani kwa kukisia. Brufen, kwa mfano, inaweza kumdhuru mtoto. Nenda kliniki upimwe mapema, kwani homa inaweza pia kuwa malaria. Uliza pia kuhusu chanjo zinazofaa wakati wa mimba.

Usingoje hata saa moja ukiona dalili hizi:
- Unahema au unashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi.
- Kifua kinauma, au midomo inageuka rangi.
- Homa haishuki, au umeanza kuchanganyikiwa.
- Mtoto amepunguza kucheza tumboni.
- Unatokwa na damu, au uchungu umeanza kabla ya wakati.

Baba, hapo ndipo kazi yako. Kama mnaishi mbali, kule Mutha au Ngomeni, safari ya hospitali ni ndefu. Weka nauli kando mapema, na uwe na nambari ya mwenye gari. Usiseme tungoje kupambazuke.

Mama akijifungua akiwa bado anakohoa, asinyimwe mtoto wake. Anyonyeshe, kwa maana maziwa yake humpa mtoto kinga. Anawe mikono kwa sabuni na afunike pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa safi. Wageni wenye mafua wangoje wapone ndipo waje kumbeba mtoto. Nyanya, tusaidie hapo, maana neno lako husikizwa. Na mtoto aliyezaliwa mapema afungwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto.

Kumbuka: mafua madogo yasikutie hofu, lakini pumzi ikianza kukosekana, anza safari.