Pijo la mzee na oili ya kisasa

UKIKAA Keroka siku ya soko, katika mji huu ambao upande mmoja ni Kisii na upande wa pili ni Nyamira, huenda katikati ya bodaboda na Probox zilizojaa ndizi ukaliona Pijo kuukuu likipanda mlima polepole. Ni 404 au 504, pikapu au saluni, rangi imechujuka lakini injini bado inanguruma.

Magari ya namna hii si chuma tu kwa watu wa huku. Yako yaliyonunuliwa kwa pesa za kahawa bei ilipopanda 1976 na 1977. Yalikimbiza wagonjwa hospitali usiku, yakaleta maharusi nyumbani, yakalipa karo. Sasa mwenye gari amezeeka, na mwanawe aliye Nairobi angependa kumfurahisha. Disemba inapofika anarudi na mtungi wa oili ya bei ya juu, 0W-20 au 5W-30, aliyoambiwa dukani kuwa ndiyo ya kisasa kabisa.

Nia ni njema, lakini injini ya mzee inaweza kuumia.

Tuanze na nambari zenyewe. Ni za unene wa oili, na mpango wake ulianzishwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, mwaka wa 1911. Nambari iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka kukiwa na baridi. Ya pili inaeleza unene wake injini ikishapata moto. Oili ya 0W imekusudiwa nchi ambako maji huganda usiku. Keroka kuna baridi ya asubuhi, ndiyo, lakini si ya barafu. Tena injini ya 404, gari lililozinduliwa 1960, au ya 504 ya 1968, ina nafasi kubwa kati ya vyuma vyake, na miaka imezidi kuzipanua. Oili nyepesi kama maji hupenya kwenye sili zilizochoka ikadondoka chini, na presha ikashuka injini inapopata moto. 20W-50 inatosha kabisa, na 15W-40 pia ikiwa injini haijachakaa mno.

Mafundi wengi wa kando ya barabara watakuambia, "Mzee, weka forty tu." Hawajakosea sana. Ila forty tupu, isiyo na W, hukawia kupanda juu ya injini asubuhi yenye ukungu, na hizo sekunde chache za kwanza ndizo hula chuma. Wala oili nzito haiponyi ringi zilizokwisha. Moshi wa buluu ukitoka, utapungua kwa muda, kisha utarudi.

Liko jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Katika injini hizi kuna mhimili wenye nundu, kamshafti, unaosukuma tapeti ili vali zifunguke. Chuma husugua chuma kwa nguvu nyingi, na kinachovikinga ni dawa ya zinki na fosforasi iliyochanganywa ndani ya oili. Magari mapya yana kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na fosforasi hukiharibu. Ndiyo maana kiwango cha Marekani kiitwacho SM, kilichotoka 2004, kiliamuru fosforasi isizidi asilimia 0.08 katika oili nyepesi za magari madogo. Oili nzito kama 20W-50 hazikubanwa na kikomo hicho. Kwa hiyo mwenye Pijo anayenunua 20W-50 ya bei ya kadiri mara nyingi analinda kamshafti yake vizuri zaidi kuliko aliyenunua ile ya maelfu. Oili ya 15W-40 iliyoandikwa CI-4 pamoja na SL, ambayo wengi huijua kama ya dizeli, nayo huifaa injini ya petroli ya zamani.

Lakini madhara makubwa niyajuayo hayatokei kwenye injini. Hutokea kwenye giaboksi na difu, mahali ambapo watu hawatazami mpaka palie.

Giaboksi ya 404 na ya 504 ilibuniwa itumie oili ya injini. Naam, oili ya injini! Fundi asiyejua hutia EP90 nzito, kwa kuwa giaboksi nyingine huwekewa hiyo, halafu mwenye gari analalamika kwamba gia zinakataa kuingia asubuhi. Difu ya 404 nayo ina gurudumu la shaba linalozungushwa na mhimili wa mtindo wa skrubu. Shaba haipatani na oili kali ya gia iliyoandikwa GL-5, kwa sababu salfa iliyomo huweza kuila. Difu za mtindo huo kwa desturi zilipewa oili ya mbono, na ya mbono haichanganywi na oili ya kawaida. 504 ya saluni ina difu ya aina nyingine, na hiyo hutaka EP. Kwa hivyo usiige jirani kwa kuwa na lake ni Pijo. Mwenye Land Rover kuukuu atafute EP90 iliyoandikwa GL-4.

Volkswagen yenye mgongo wa kobe haina maji ya kupoza injini. Hewa na oili ndizo huipoza, na oili yenyewe ni lita 2 na nusu tu, ikichujwa na wavu mdogo. Ibadilishwe mapema, kila kilomita 5,000.

Na lile gari linalotoka siku ya Sabato pekee, kanisani na kurudi? Watu hudhani oili yake haizeeki kwa kuwa halitembei. Injini isiyopata moto vizuri hukusanya maji na petroli ndani ya oili. Ibadilishe walau mara moja kwa mwaka, hata kama kilomita hazijafika.

Unaponunua, angalia alama ya KEBS na kifuniko kisichoguswa, kwani oili bandia huuzwa ndani ya mitungi halisi iliyookotwa. Mtungi wako ukiisha, utoboe. Oili ya injini isitiwe kamwe kwenye breki, hata tone: hufura mpira na breki zikakwama au zikashindwa kushika. Oili chafu nayo wengi huipaka nguzo za ua kuzuia mchwa. Inayobaki iwekwe kwenye mtungi uliofungwa, mbali na kijito ambacho jirani wa chini huteka maji.