Makato ya Bima ya Afya: Fungu Hili ni la Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulivyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukitangulia na watumishi wa serikali. Leo tuifungue hati ya mshahara. Mfuko hupokea asilimia 6 ya mshahara: 3 za mfanyakazi, 3 za mwajiri. Mwalimu wa shilingi 800,000 hukatwa 24,000, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Ile ya kwanza humuuma kwa kuwa anaiona ikitoka. Ya pili huihesabu kuwa msaada wa mwajiri. Si msaada. Hulipwa kwa sababu mwalimu yule yuko kazini, na ajira ikikoma nayo hukoma. Ni jasho lake, na kwa mwaka mafungu hayo mawili yanafika shilingi 576,000.

Hapo watu huuliza: nimekatwa miaka kumi, sijalazwa hata siku moja, mbona sirudishiwi changu? Swali ni la haki, ila linachanganya bima na akiba. Bima ni ndugu wa chama cha kufa na kuzikana, ambacho mwanachama asiyefiwa hadai michango yake mwisho wa mwaka. Malalamiko ya kijana asiye na mwenza wala mtoto yana uzito zaidi, maana kadi hubeba mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, naye anaitumia peke yake. Lakini wazazi wake nao huweza kuandikishwa, na mara nyingi hao ndio wanaoihitaji kuliko yeye.

Basi kama fungu ni letu, saini yetu nayo ina thamani. Fomu ya matibabu huorodhesha vipimo na dawa, kisha mwanachama hutia saini, na kwa saini hiyo kituo hudai malipo. Wako wanaosaini fomu ingali tupu ili kuwahi foleni. Watasema, mimi si daktari, nitajuaje kilichoandikwa? Hakuna anayekutaka ujue tiba. Unajua kama ulitolewa damu, na unajua ulipewa nini dirishani. Wengine humwazima binamu kadi kwa huruma, na huruma hiyo naielewa, lakini ugonjwa wa binamu huandikwa kwenye jalada lako, na daktari wa kesho atakutibu kwa kulisoma. Gharama zinapoulemea mfuko, anayeumia ni mwanachama: kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko hulipia, kilipoanza Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilizopinga bei zake zilisitisha huduma kwa wenye kadi, nao wakarudishwa mlangoni. Kwa hiyo ukipewa vidonge 10 na fomu ikasema 30, mwombe mtoa dawa asahihishe kwanza, kalamu yako ikiwa bado mkononi.