Aliyenyamaza alirudishiwa jezi, aliyesema akafungiwa mlango

OKTOBA 26, 2008, katika mji wa Utsunomiya nchini Japan, mwendesha baiskeli mmoja wa Italia alirudi kazini. Jina lake Ivan Basso. Adhabu yake ya miaka 2 ilikuwa imekwisha siku mbili tu kabla, na siku hiyo alishika nafasi ya 3 katika mashindano ya Japan Cup. Hakuanzia timu ndogo, wala hakupanga foleni. Alikuwa amevaa jezi ya Liquigas, mojawapo ya timu kubwa za Italia, ambayo ilikuwa imemsajili miezi kadhaa kabla adhabu haijamalizika.

Wakati huohuo alikuwapo Mjerumani aitwaye Jörg Jaksche. Huyu na Basso walikuwa timu moja mwaka 2004, timu ya CSC iliyoongozwa na Bjarne Riis wa Denmark. Wote wawili majina yao yalikutwa katika mambo ya daktari mmoja wa Hispania. Wote wawili walikiri mwaka 2007. Jaksche alipewa adhabu fupi kuliko ya mwenzake, mwaka mmoja tu. Lakini hakuna timu kubwa iliyompokea tena.

Ndugu msomaji, kwa nini mwenye adhabu ndefu alirudi na mwenye adhabu fupi akabaki nje? Swali hili ni la zamani, lakini limetukaribia. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Vijana wetu wameona kwa macho yao jinsi mchezo huu unavyoweza kumtoa mtu kijijini. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani. Njia ipo. Na wanaopita njia hiyo siku moja watakutana na mtu mwenye sindano.

Mifuko ya damu Madrid

Mei 23, 2006 polisi wa Hispania waliingia katika nyumba za daktari Eufemiano Fuentes mjini Madrid. Walikuta friji zimejaa mifuko ya damu ya binadamu. Mifuko haikuandikwa majina kamili ya wenye damu, bali namba na majina ya kificho. Jina moja lilikuwa Birillo, na ilielezwa kuwa hilo ni jina la mbwa wa Basso. Jina jingine lilikuwa Bella. Huyo alikuwa Jaksche.

Kazi ya damu hiyo inaelezeka kwa urahisi. Mwendesha baiskeli anatolewa damu wiki kadhaa kabla ya mashindano, nayo inahifadhiwa kwenye baridi. Mwili unatengeneza damu nyingine kufidia iliyotoka. Siku za mashindano zikifika, anarudishiwa ile ya kwanza. Sasa ana chembechembe nyekundu nyingi kuliko kawaida, na hizo ndizo zinazobeba hewa ya oksijeni kwenda kwenye misuli. Mlima unaowakata wengine pumzi, yeye anaupanda akiwa bado ana akiba. Na kwa kuwa damu ni yake mwenyewe, vipimo vya wakati ule havikuweza kumkamata.

Sisi wa huku tunaijua barabara ya Bugarama kushuka Bujumbura. Vijana hushuka na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli, na wakati wa kurudi hushika nyuma ya lori ili liwavute mlimani. Ni hatari kubwa, lakini si wizi, maana hakuna anayeshindana na mwenzake. Sasa weka zawadi pale juu kileleni, halafu mmoja wao awe na lori ambalo wengine hawalioni. Mifuko ya Madrid ilikuwa lori hilo.

Juni 30, 2006, siku moja kabla ya Tour de France kuanza Strasbourg, Basso aliondolewa mashindanoni pamoja na Jan Ullrich wa Ujerumani na Francisco Mancebo wa Hispania. Mwezi mmoja tu nyuma Basso alikuwa ametoka kushinda Giro d'Italia, akimwacha wa pili kwa dakika 9 na zaidi.

Maungamo mawili

Kwanza Basso alikana. Kesi yake nchini Italia ikawekwa kando kwa kukosa ushahidi, na timu ya Kimarekani ya Discovery Channel ikamsajili haraka, jambo lililoziudhi timu nyingine. Kesi ilipofufuliwa mwaka 2007 aliachana na timu hiyo, na mwezi Mei akakiri kwamba Birillo ni yeye. Lakini angalia alivyokiri. Alisema alikusudia kutumia damu ile katika Tour ya 2006, ila hakuwahi kuitumia, na ushindi wake wote ulikuwa halali. Wala hakutaja mtu mwingine. Shirikisho la Baiskeli la Italia lilimfungia miaka 2, likipunguza muda aliokwisha kukaa nje.

Wiki chache baadaye, Juni 30, 2007, Jaksche alizungumza na gazeti la Der Spiegel la Ujerumani. Huyu hakusema alikusudia. Alisema alitumia, na kwamba alianza tangu miaka ya 1990. Alieleza mambo yalivyopangwa ndani ya timu na jinsi viongozi walivyojua. Baadaye alikaa na wachunguzi, na mwaka 2013 alikwenda Madrid kutoa ushahidi mahakamani katika kesi ya Fuentes.

Malipo yao tunayajua. Basso alishinda tena Giro mwaka 2010, akiwa na Liquigas, akipokelewa Verona kwa shangwe. Jaksche, aliyekuwa na umri wa miaka 30 tu siku alipofungua mdomo, alibaki akitazama mashindano kwa mbali.

Mwenye mlango ni nani?

Mtu anaweza kudhani kwamba timu ziliogopa aibu. Kama ni aibu, wote wawili walikuwa nayo sawa. Aidha, timu kubwa zilikuwa zimekubaliana kwamba aliyefungiwa miaka 2 au zaidi asisajiliwe na timu ya daraja la juu kwa miaka 2 mingine. Makubaliano hayo hayakumzuia Basso.

Sababu iko kwa wanaoajiri. Mameneja wengi wa timu za wakati ule walikuwa waendesha baiskeli wa miaka ya 1990, miaka ambayo dawa ya EPO ilitapakaa. Mei 25, 2007, katikati ya maungamo hayo mawili, Bjarne Riis mwenyewe alijitokeza Copenhagen na kukiri kwamba alishinda Tour ya 1996 akitumia EPO. Je, alifukuzwa? La. Aliendelea kuongoza timu yake, na mwaka 2008 mchezaji wake Carlos Sastre akashinda Tour de France. Basso naye alikuja kurudi katika timu hiyo mwaka 2015, wakati huo ikiitwa Tinkoff-Saxo.

Kwa hiyo mtu anayesema "ni mimi peke yangu" hamtishi meneja. Anayesema "tulikuwa wengi, na wakubwa walijua" anamtisha, kwa sababu kesho anaweza kumtaja yeye.

Wapo pia ambao hawakusema kabisa. Alejandro Valverde wa Hispania aliunganishwa na mfuko namba 18 wa Madrid pale wachunguzi wa Italia walipolinganisha damu yake iliyochukuliwa wakati wa Tour ya 2008 na ile ya mfuko. Hakukiri. Alitumikia adhabu, akarudi na timu ya Movistar Januari 2012, na mwaka 2018 akawa bingwa wa dunia. Mashindano ya Kigali ya 2025 yalimkuta akiwa kocha wa timu ya taifa ya Hispania. Sisemi kwamba hakustahili kufika Kigali. Adhabu iliyotumikiwa imetumikiwa. Nasema tu kwamba aliyenyamaza alifika na aliyesema hakufika.

Yule daktari je? Mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja cha nje, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikamwachia huru, maana mwaka 2006 sheria za Hispania hazikuhesabu jambo lile kuwa kosa la jinai.

Karatasi na mlango

Mimi ni mrejea. Nilisoma Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi waliyopewa wazazi wetu baada ya mwaka 1972, nikarejea nchini mwaka 2008. Simlinganishi mkimbizi na mdanganyifu. Sisi hatukuondoka kwa kosa letu. Hata hivyo, kila mrejea analijua jambo hili: karatasi ya kurejea ni kitu kimoja na mlango wa nyumba ni kitu kingine. Karatasi inagongwa muhuri mpakani. Mlango unafunguliwa na waliomo ndani, na wao hufungua wakipima kama kuja kwako kutawagusa au hakutawagusa. Jaksche alipewa karatasi. Waliokuwa ndani walipima, wakaona atawagusa.

Hata darasani nimeona hali hiyo. Katika shule moja niliyopitia, karatasi ya mtihani ilivuja. Wanafunzi kadhaa walikamatwa na wakaadhibiwa sawasawa. Mmoja wao, msichana wa kidato cha tatu, alimtaja mtu mzima aliyeiuza. Muhula mpya ulipoanza wenzake wote walirudi kwenye madawati yao. Wazazi wa yule msichana waliambiwa kwa upole kwamba ingefaa wamtafutie shule nyingine. Hakuna aliyeandika popote kwamba kosa lake lilikuwa kusema, lakini darasa zima lilielewa. Mtihani mwingine ukivuja, sijui nani atasema.

Inawezekana vingine

Tusije tukadhani kwamba haiwezekani kumpokea msema kweli. David Millar wa Uskoti alikamatwa na polisi wa Ufaransa mwaka 2004, akakiri kutumia EPO, akapoteza ubingwa wa dunia wa 2003 na kufungiwa miaka 2. Alirudi mwaka 2006, na baadaye akajiunga na timu ya Slipstream ya Marekani, iliyojengwa kwa msimamo wa kupinga dawa. Hapo hakufichwa, alitumiwa kuwafundisha vijana. Hata Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Michezoni, WADA, lilimweka katika kamati yake ya wanamichezo.

Mwaka 2012, waendesha baiskeli kadhaa wa Marekani walipotoa ushahidi uliomwangusha Lance Armstrong, timu hiyohiyo, sasa ikiitwa Garmin, iliwabakiza wachezaji wake waliokiri. Levi Leipheimer, aliyetoa ushahidi uleule na kupewa adhabu ileile ya miezi 6, alifukuzwa na timu yake ya Omega Pharma-Quick Step mara tu maneno yake yalipotangazwa. Kiapo kilikuwa kimoja na adhabu ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa mwajiri.

Sheria za leo zinampunguzia adhabu mtu anayesaidia wachunguzi, na tangu 2015 adhabu ya kawaida kwa aliyekusudia kudanganya ni miaka 4. Ni hatua nzuri, ila inaishia kwenye karatasi. Hakuna sheria inayomwuliza meneja: kwa nini umemchukua aliyenyamaza ukamwacha aliyesema?

Maoni yangu ni kwamba wanaotoa leseni za timu wangeuliza hivyo. Timu inayotaka kumsajili mtu aliyefungiwa ieleze kwanza mtu huyo amesema nini kuhusu waliomuuzia, waliomdunga na waliojua. Asiyesema kitu akipita, apite baada ya msema kweli, si kabla yake. Na meneja au daktari aliyekuwapo naye aulizwe, maana mchezaji hajitoi damu peke yake wala hanunui friji ya kuihifadhi.

Wenzangu mnaovuka Mugina na Manyovu kila juma mnaelewa biashara ya kuaminiana. Mwenye mzani uliochezewa akikamatwa, soko halitulii kwa kumtoza faini yeye tu. Linatulia likimjua fundi aliyechezea mizani, kwa sababu fundi huyo ana wateja wengine. Mkimfukuza sokoni yule aliyemtaja fundi, mjue mizani mingine mibovu itabaki palepale.

Kijana wa Ngozi, Musanze au Kabale atakayepata timu Ulaya miaka ijayo hatakuwa na wakili wala jina kubwa. Akiletewa sindano, ataangalia waliomtangulia walitendewa nini. Kwa sasa mfano ulio wazi zaidi mbele yake ni wa Basso. Waliobeba dhamana ya mchezo huu wana deni la kumpa mwingine kabla hajapanda ndege.