Mvungu: Neno la Nafasi za Ndani ya Mwili

Nilipokuwa nikingoja gari Maili Moja, Kibaha, niliketi karibu na mzee mmoja aliyetoka kutibiwa, cheti mkononi. Aliambiwa kwamba ana "maji kwenye mapafu". Baada ya kuitikia shikamoo yangu aliniuliza: "Basi mwanangu, nipunguze kunywa maji?" Sikuweza kumjibu, kwa kuwa sikujua yanasemwa maji ya mahali gani.

Si kwamba Kibaha hakuna wajuzi. Mradi wa nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963 ulikabidhiwa Serikali mwaka 1970, nao ukawa Shirika la Elimu Kibaha, lenye shule na hospitali pamoja. Ila madaktari wetu husomea tiba kwa Kiingereza, kisha humweleza mgonjwa kwa Kiswahili.

Maneno aliyoambiwa mzee yule hutumika kwa hali mbili zisizofanana. Ya kwanza ni maji yaliyoingia katika pafu lenyewe, penye vifuko vya hewa. Aghalabu chanzo chake ni moyo uliodhoofika. Ya pili ni maji yaliyokusanyika nje ya pafu, baina ya utando unaolifunika pafu na ule uliotanda upande wa ndani wa kifua. Kifua kikuu ni mojawapo ya sababu zake. Haya daktari aweza kuyatoa kwa sindano. Yale ya kwanza hayatolewi hivyo.

Kinachokosekana ni jina la nafasi hiyo ya pili. Baadhi ya watafsiri huandika "uwazi". Si kosa, lakini neno hilo limekwisha kutwikwa mzigo wa siasa, hasa tangu mwaka 1995 lilipofungamanishwa na "ukweli". Tena humfanya msomaji adhani kwamba mahali pale ni patupu. "Tundu" huwa na njia ya kutokea, kama tundu la pua. "Mfuko" una ukuta wake wenyewe, kama mfuko wa nyongo.

Nashauri tutumie "mvungu". Kila aliyesikia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame analifahamu. Mvungu wa kitanda hauundwi na seremala. Hupatikana kwa kuwapo kitanda na sakafu. Wala haukai mtupu: mna masanduku, viatu, na pengine kuku aliyeatamia. Hali kadhalika mvungu wa kifua umebeba moyo na mapafu, na mvungu wa fuvu umejaa ubongo. Mvungu wa tumbo nao watusaidia sana, maana "tumbo" kwa wengi ni sehemu yote ya mwili na pia ni kile kiungo kipokeacho chakula. Anayeambiwa ana "maji tumboni" hudhani ni yale aliyoyanywa.

Katika matumizi, wingi ni mivungu. Kiambishi "-ni" nisingekitumia, kwani "mvunguni" humpeleka msomaji kitandani moja kwa moja. Kwa hiyo cheti kingeweza kuandikwa hivi: "Maji yamekusanyika katika mvungu wa utando wa mapafu, nje ya pafu."