Chunguza Ukuta Kabla ya Kupiga Plasta: Ushauri kwa Wenye Nyumba za Mawe Lamu

Plasta ya nje inapobanduka, wakaazi wengi wa Mji wa Kale hununua simiti na kumwita fundi. Mara nyingi plasta hiyo mpya huanguka tena, na ukuta huwa umedhoofika zaidi.

Kuta za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Vyote viwili hupitisha unyevu: ukuta hufyonza maji, kisha huyatoa nje jua linapowaka. Simiti huziba njia hiyo. Maji na chumvi hubaki ndani, mawe humomonyoka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza. Boriti zikioza, dari inaweza kuwaangukia walio chini.

Kabla ya ukarabati, fanya hivi:

1. Tazama. Kagua siku chache baada ya mvua. Mahali panapochelewa kukauka huonyesha maji yanapoingia. Angalia pia nyufa, unga mweupe wa chumvi na mabomba yanayovuja.

2. Gonga. Tumia kifundo cha kidole. Plasta ikilia kama kitu chenye uwazi ndani, imeachana na mawe. Weka alama ya chaki.

3. Kwaruza kwa msumari. Chokaa ni nyeupe na huchubuka kwa urahisi. Simiti ni ya kijivu na ngumu.

4. Fungua sehemu ndogo. Kwa tindo na nyundo ndogo, toa plasta ukubwa wa kiganja, mahali pasipoonekana sana. Angalia kama mawe ni imara au yanapukutika. Simiti ikiwa imeshikana sana, usiilazimishe: itang'oka pamoja na uso wa jiwe.

5. Jaribu boriti. Dunga kwa bisibisi karibu na ukuta. Ikizama kwa urahisi, imeoza.

Ukiona ufa unaopanuka au ukuta uliofura, ondoa watu na umwite mhandisi. Plasta iliyolegea juu ya kichochoro iwekewe kizuizi mara moja, kwani watoto hupita hapo.

Ziba kwanza chanzo cha maji, ndipo upige plasta ya chokaa kwa tabaka nyembamba, ukizinyunyizia maji zisikauke haraka.

Mji wa Kale ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Kabla ya kuanza kazi ya nje, wasiliana na ofisi ya mipango ya kaunti na maafisa wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walioko Lamu.