Gari la Zamani au la Kisasa kwa Njia za Shamba? Nilishauri Vibaya, Leo Nasahihisha

Mvua zikikaribia, swali hili hunifikia karibu kila wiki: "Bwana shamba, nimepata hela kidogo ya mavuno, nataka gari la 4x4 la kutolea mzigo shambani. Nichukue la zamani lisilo na kompyuta, au hili la kisasa?" Kwa miaka mingi nilikuwa najibu bila kufikiri: chukua la zamani, hayo hayaharibiki. Leo nasahihisha jibu hilo, maana kuna kijana lilimgharimu.

Kijana huyu analima nyanya wilayani Kilolo. Alikopa SACCOS, akabaki na magari mawili ya kuchagua: pikapu ya dizeli ya miaka ya tisini, na dabo kabini ya 2012 yenye mfumo wa komoni reli. Bei zilikaribiana. Nikamwambia chukua pikapu. Hatukufungua hata mfuniko wa rejeta. Mwezi wa tatu, akiwa na kreti 30 za nyanya zilizoiva, injini ikachemka mlimani na gasketi ya silinda hedi ikaungua. Mvua inanyesha, hakuna gari lililokubali kushuka kule mpaka kesho yake jioni. Nusu ya mzigo aliuza kwa bei ya kutupa, nusu ikaishia kwa nguruwe. Aliponipigia alisema neno moja tu: "Bwana shamba, si ulisema haya hayaharibiki?" Sikuwa na jibu.

Fundi wa kijijini alipofungua, tukakuta rejeta imeziba karibu nusu. Aliyekuwa nalo kabla alikuwa anajaza maji ya mtoni badala ya kulanti. Lakini fundi huyo huyo, kwa spana zake na gasketi iliyoletwa na basi kutoka Iringa mjini, alilimaliza gari chini ya mparachichi kwa siku moja na nusu. Hapo ndo nikaelewa nilikuwa nachanganya mambo mawili. Kutoharibika ni jambo moja, kutengenezeka kirahisi ni jambo lingine.

Sifa ya la zamani inatoka wapi

Chukua Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Ilianza mwaka 1984 na bado inatengenezwa. Injini yake maarufu ya dizeli, 1HZ, ilianza 1990: silinda 6, lita 4.2, nguvu ya farasi kama 130 tu. Ni injini kubwa isiyokamuliwa sana, haina tabo, na pampu yake ya dizeli inaendeshwa kimakanika. Ikianza kuumwa inakupa dalili: moshi, mlio, kupungua nguvu kidogo kidogo. Unapata muda wa kufika nyumbani.

Ila tukumbuke kitu kimoja. Magari ya zamani tunayoyaona barabarani leo ni yale yaliyopona. Mengine yalishakwenda skrepa zamani, hatuyaoni, kwa hiyo hatuyahesabu. Na hata lililopona lina miaka 25 au 30 ya kutu, mipira iliyokauka na nyaya zilizoungwaungwa. Unanunua injini nzuri pamoja na uchovu wake wote.

La kisasa linaumwa wapi

Hilux za kuanzia 2020 zenye injini ya lita 2.8 zinatoa farasi 204. Injini ndogo, nguvu nyingi zaidi, na kwa kawaida mafuta kidogo kwa kazi ile ile. Siri mojawapo iko kwenye komoni reli. Nozo za zamani hufunguka kwa mgandamizo wa baa mia na kitu. Komoni reli inapita baa 1,500. Kwa mgandamizo huo, tundu za injekta ni ndogo mno na vipuri vyake vimekaribiana sana. Tone la maji au vumbi laini ambalo pampu ya zamani ingevumilia, hapa linaua injekta.

Nilishuhudia mwenyewe. Mkulima mmoja wa viazi alinipa lifti kwenye dabo kabini yake safi kabisa. Njiani akajaza dizeli ya kidumu dukani. Kilomita chache mbele taa ya injini ikawaka, nguvu zikaisha, gari likazima. Fundi wetu wa kijijini akaja, akafungua boneti, akatazama, akaifunga. Hakuwa na mashine ya kupimia. Gari lilivutwa mpaka mjini, likakaa siku 6 likisubiri injekta. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini vinasaba havizuii maji kuingia kwenye kidumu.

Kwa hiyo la kisasa, likitunzwa, huenda likaharibika mara chache zaidi. Ila likiharibika linaweza kukusimamisha hapo hapo, na dawa iko mbali. Tusisahau pia breki za ABS na mifuko ya hewa. Ukibeba vibarua kwenye mteremko wa tope, hiyo nayo ni hesabu.

Kabla hujatoa hela

1. Uliza fundi kwanza, dalali baadaye. Mashine ya kupimia gari iko umbali gani na shamba lako? Kama ni safari ya siku nzima, gari la pampu ya kimakanika lina nafasi kubwa.
2. Angalia unakojaza mafuta. La kisasa lijaze kwenye kituo chenye wateja wengi, badilisha filta ya dizeli mapema, na mwaga maji ya kwenye filta mara kwa mara.
3. La zamani lipande mlima likiwa na mzigo kabla hujalipa. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Maji ya rangi ya kutu au yenye oili ni onyo.
4. Lala chini na tochi, gonga chasisi kwa nyundo ndogo. Kutu iliyopakwa rangi nyeusi ina mlio wake.
5. Usimalize mkopo wote kwenye bei. Bakiza hela ya oili, filta, mikanda na matairi ya mwanzo. Na kama unaagiza nje, pitia kikokotoo cha TRA, maana umri wa gari unagusa kodi.

Kama kazi yako kubwa ni lami ndefu kupeleka mzigo mjini, na kituo kizuri kiko njiani, sioni sababu ya kuogopa la kisasa. Kama unashinda kwenye tope mbali na kila kitu, la zamani lililopimwa vizuri bado ni rafiki.

Yule kijana wa nyanya bado ana pikapu yake. Alibadilisha rejeta, na kila asubuhi anaangalia maji na oili kabla ya kuwasha. Juzi kanipigia, anatafuta gari la pili, akauliza nashauri lipi. Nikamwambia, "Usilipe kitu. Nisubiri Jumamosi, nakuja na fundi."