Ununuzi wa Sungura Wachanga: Namna ya Kutambua Jinsi na Kuwaweka Bandani kwa Usalama

Katika kata ya Mabira, wilayani Kyerwa, sungura ni mfugo unaoifaa kaya yenye eneo dogo na mtaji mdogo. Hulishwa majani na nyasi, samadi yake hurudi migombani, na nyama yake huweza kuliwa nyumbani au kuuzwa pale inapohitajika fedha ya daftari na sare za shule. Hata hivyo, mlaji anaponunua sungura wachanga hukabiliwa na hatari moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa, nayo ni kuuziwa mnyama wa jinsi isiyo ile aliyoambiwa.

Kosa hili lina gharama. Madume wawili waliouzwa kama majike hupigana wakipevuka, na mara nyingi huumana sehemu za siri. Dume na jike wa tumbo moja waliodhaniwa kuwa ndugu wa kike hupandana, na jike akashika mimba mwili wake ukiwa haujakomaa. Katika makala hii tunaeleza namna ya kumkagua sungura kabla ya kulipa, namna ya kuwatenganisha, na hatua za kuchukua ikiwa maelezo ya muuzaji hayakuwa ya kweli.

Umri unaofaa kununua

Tunashauri mlaji asinunue sungura aliye chini ya wiki 8. Kwanza, aliyeachishwa kunyonya mapema mno hudhoofika na kuhara kwa urahisi. Pili, katika wiki za mwanzo viungo vya uzazi vya dume na jike hufanana kiasi cha kumkosesha hata mfugaji mzoefu. Kuanzia wiki ya 8 tofauti huonekana vizuri zaidi. Kati ya wiki ya 10 na ya 12 korodani za dume huanza kushuka, zikionekana kama vifuko viwili virefu visivyo na manyoya mengi. Ni vema kukumbuka kwamba sungura anaweza kuzirudisha korodani ndani anapoogopa au wakati wa baridi. Kwa hiyo, kutoziona si uthibitisho kwamba mnyama ni jike.

Namna ya kukagua

1. Keti, kisha tandika gunia au kitambaa mapajani. Sungura akirusha miguu kwa nguvu huweza kuvunjika uti wa mgongo. Usimkague ukiwa umesimama.
2. Mwinue kwa kushika ngozi ya mabegani huku mkono wa pili ukibeba makalio. Usimwinue kwa masikio kamwe.
3. Mlaze chali mapajani, mgongo ukiwa umeegemezwa.
4. Tafuta matundu mawili. La haja kubwa liko karibu na mkia. La uzazi liko mbele yake, upande wa tumbo.
5. Kwa vidole viwili, bonyeza taratibu pande mbili za tundu la uzazi mpaka sehemu ya ndani ijitokeze.

Kwa dume hujitokeza kijibomba cha mviringo chenye tundu dogo nchani, mfano wa herufi O. Kwa jike huonekana mpasuo mrefu ulioinamia mkiani, mfano wa jani au herufi V. Aidha, nafasi kati ya matundu hayo mawili ni kubwa zaidi kwa dume. Ikiwa una shaka, omba kuwakagua ndugu kadhaa wa tumbo hilo na kuwalinganisha. Muuzaji asiyeruhusu mnyama wake akaguliwe hana haki ya kudai aaminiwe.

Namna ya kuwaweka bandani

Sungura wapya watengwe na wale wa zamani kwa muda usiopungua wiki 2, ili upele wa masikio na magonjwa ya kuhara yasienee. Wachanga wa tumbo moja waweza kukaa pamoja mpaka wiki ya 10. Baada ya hapo madume watenganishwe na majike, wala zoezi hilo lisivuke wiki ya 12. Kila dume awe na chumba chake. Majike waliokua pamoja huweza kuendelea kuishi pamoja ikiwa nafasi inatosha, lakini jike mwenye mimba ahamishiwe chumba chake akiwa na sanduku la kuzalia.

Wakati wa kupandisha, jike apelekwe kwa dume, si dume kwa jike, kwa sababu jike hulinda makao yake na huweza kumjeruhi mgeni. Wakishapandana, jike arudishwe kwake. Mimba huchukua takriban siku 31, na jike aliyeachwa na dume huweza kushika mimba nyingine siku ileile ya kuzaa. Hali hiyo humchosha mama na kuwadhoofisha watoto.

Banda liinuliwe kutoka ardhini, liezekwe vizuri na kukingwa upepo, kwani usiku wa nyanda hizi ni wa baridi na unyevu ni adui wa sungura. Majani yaliyolowa umande yanyaushwe kwanza. Majani ya mparachichi yasitumike kabisa, kwa kuwa yana sumu kwa mnyama huyu.

Haki yako na kumbukumbu za mauzo

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, hutaka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hata hivyo, haki isiyo na ushahidi ni ngumu kuidai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja ya daftari inatosha, ikiandikwa hivi:

"Nimeuza sungura 3 wa umri wa wiki 9, majike 2 na dume 1. Ikibainika ndani ya wiki 6 kwamba jinsi si hiyo, nitabadilisha au nitarudisha fedha."

Iwe na tarehe, bei, rangi ya kila sungura, na sahihi za pande zote mbili.

Ukigundua kosa, fuata hatua hizi. Watenganishe wanyama siku hiyohiyo. Mwombe afisa mifugo wa kata athibitishe jinsi yao. Kisha mwendee muuzaji na karatasi yako kwa lugha ya staha, kwani huenda naye alikosea bila nia mbaya. Msipoelewana, fikisha suala hilo kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Ikiwa muuzaji ni mfanyabiashara anayepotosha wanunuzi kwa makusudi, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani.

Dakika chache za kukagua kabla ya kulipa hugharimu kidogo kuliko wiki nyingi za kulisha wanyama wasio wale uliowakusudia.